Nguo za Kumfaa Mtu Anayeishi na Kifaa cha Moyo
Mazungumzo na walaji wa Masasi na Newala



Tunazungumza nanyi kwa niaba ya Tume ya Ushindani. Miongoni mwa kazi tulizopewa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ni kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu sokoni. Tulipokutana na walaji siku za nyuma tulizoea kuzungumzia bidhaa bandia, risiti na bidhaa zilizopitwa na muda. Leo tumechagua jambo linaloonekana dogo mpaka limfike mtu mwenyewe, nalo ni nguo za mtu anayeishi na kifaa cha moyo mwilini.

Zamani Mtanzania aliyehitaji tiba kubwa ya moyo mara nyingi alilazimika kusafirishwa nje ya nchi, hasa India. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianze kazi jijini Dar es Salaam mwaka 2015, nyingi ya tiba hizo zinapatikana hapa nchini. Matokeo yake ni kwamba watu wanaorudi makwao wakiwa na kifaa kifuani, au na kovu jipya la upasuaji, si wageni tena vijijini kwetu. Mtu huruhusiwa hospitalini, husafiri siku nzima kwa basi mpaka Masasi, kisha hupanda kwenda Newala. Dawa anazo na tarehe ya kurudi kliniki anaijua. Asubuhi ya kwanza nyumbani ndipo anapogundua kwamba kola inakwaruza kovu, mkanda wa sidiria unapita juu ya kifaa, na gauni la kuvalia kichwani haliwezekani kwa sababu mkono haujaruhusiwa kuinuliwa.

Hapo wengi hufuata moja ya njia mbili. Wapo wanaonyamaza na kuvumilia mpaka ngozi ichubuke. Wapo pia wanaonunua chochote wanachoambiwa ni cha wagonjwa wa moyo. Wa kwanza huhatarisha afya yao, na wa pili hupoteza fedha, pengine na afya pia. Tunalotaka mwondoke nalo leo ni hili: hakuna nguo inayotibu moyo. Iliyopo ni nguo inayokaa vizuri na kifaa, na hiyo inaweza kupatikana katika maduka yenu na kwa mafundi wenu, bila kulipia jina wala ahadi.

Vifaa vyenyewe

Tuanze na vifaa vitatu, kwa kuwa kila kimoja kina mahitaji yake.

Cha kwanza ni kidhibiti mapigo ya moyo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo. Ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, mara nyingi chini ya mfupa wa mtulinga upande wa kushoto, nacho huusaidia moyo unaopiga polepole mno. Hakina waya unaotoka nje. Baada ya kuwekewa, mgonjwa huagizwa kwa wiki kadhaa asiinue mkono wa upande huo juu ya bega, ili nyaya zilizo ndani zisihame kabla hazijashika.

Cha pili ni kifaa cha Holter, ambacho huvaliwa kwa muda mfupi tu, kwa kawaida saa 24 au 48, ili kurekodi mwenendo wa mapigo. Vibandiko hubandikwa kifuani na nyaya zake huungana na kisanduku kidogo kinachoning'inia shingoni au kiunoni.

Cha tatu ni pampu ya moyo. Hupewa mtu ambaye moyo wake umedhoofika kiasi cha kushindwa kusukuma damu ya kutosha. Pampu huwekwa ndani ya kifua, lakini waya wake hutoka kupitia ngozi ya tumbo na kuungana na kidhibiti pamoja na betri mbili, ambavyo mtu huvibeba mwilini. Kwa pampu inayoitwa HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2017, jozi moja ya betri huweza kudumu hadi saa 17. Pampu hii si tiba ya kawaida hapa nchini. Hata hivyo, ndugu yenu anayetibiwa ng'ambo anaweza kurejea nyumbani akiwa nayo, na masharti yake ndiyo magumu kuliko yote. Fundi atakayeweza kumshonea mtu huyo nguo ya kumfaa hatashindwa kuwashonea wengine.

Pale waya unapotokea tumboni ni mlango ambao vijidudu huweza kuupitia wakati wowote. Waya ukivutwa, ngozi hujeruhika, na jeraha likishika uchafu, maambukizi huweza kufika hadi kwenye pampu. Kwa hiyo nguo ya mwenye pampu ina kazi tatu. Isivute waya, isiloweshe bandeji kwa jasho, na imwezeshe kuzifikia betri upesi. Betri hubadilishwa moja baada ya nyingine, kamwe si zote mbili kwa pamoja, na mtu hapaswi kuhangaika na vifungo kumi wakati king'ora cha kifaa kinalia.

Kitambaa

Masasi, chini ya miamba yake, ni mji wa joto. Newala, juu ya uwanda, ina upepo na ubaridi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Mwenye kifaa anayeishi kati ya miji hii miwili anahitaji nguo za tabaka jepesi jepesi zinazovuliwa na kuvaliwa kwa urahisi. Sweta moja nzito inayopitishwa kichwani haimfai.

Kwa nguo inayogusa ngozi, pamba ndiyo chaguo la kwanza. Hunyonya jasho, hupitisha hewa na hustahimili kufuliwa kwa maji ya moto. Vitambaa vya nailoni na poliesta hushika joto, na vikisuguana wakati wa ukavu huzalisha umeme tuli, ule unaotoa cheche ndogo mtu anapovua nguo. Watengenezaji wa pampu za moyo huonya watumiaji wao wajiepushe na umeme huo.

Mlaji atajuaje kwamba kitambaa ni pamba? Asome lebo kwanza. Neno cotton maana yake ni pamba, na asilimia iliyo mbele yake huonyesha kiasi. Kama lebo haipo, adondoshe tone la maji: pamba hulinyonya, ilhali nailoni huliacha likitiririka. Nyumbani anaweza kuchomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa uangalifu. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, bali uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu.

Nguo ya ndani, iwe fulana au shimizi, iwe nyeupe au ya rangi hafifu. Sababu yake ni usalama. Usaha au damu inayovuja kwenye jeraha huonekana mapema juu ya kitambaa cheupe, na mapema hiyo ndiyo inayomwahi daktari. Kitenge au kanga mpya, kwa upande wake, ifuliwe kabla ya kuvaliwa, ili wanga wa kiwandani na rangi inayochuja visikae juu ya ngozi yenye kidonda.

Kwa fundi cherehani

Fundi wa mtaani ana nafasi kubwa katika jambo hili, na maombi yetu kwake ni machache.

Nguo ya juu ifunguke mbele toka shingoni hadi chini. Hata dera, ambalo kina mama wengi hulipenda kwa sababu halibani, linaweza kupasuliwa mbele na kutiwa vifungo. Vifungo viwe vya kawaida, visiwe vya sumaku, kwa kuwa sumaku iliyo karibu na kidhibiti mapigo huweza kubadili utendaji wake. Siku ya kuvaa kifaa cha Holter, blauzi na sketi ni bora kuliko gauni, na shati la vifungo ni bora kuliko fulana. Kifua kisipakwe mafuta siku hiyo, kwa sababu vibandiko havitashika.

Kwa mwenye kidhibiti mapigo, mshono mnene wa bega usipite juu ya kifaa. Sidiria iwe na mikanda mipana isiyo na waya, na ikibidi kitambaa laini kilichokunjwa kiwekwe chini ya mkanda. Ndani ya basi asiache kujifunga mkanda wa usalama ati kwa sababu unagusa kovu. Akunje kanga na kuiweka kati ya mkanda na kifua.

Kwa mwenye pampu, uzito wa betri ubebwe na mabega, usibebwe na kiuno peke yake. Fundi anaweza kushona kizibao cha pamba imara chenye mifuko miwili mirefu, mmoja kila ubavu, na vifuniko vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Waya upitie kwenye tundu lililozungushiwa mshono kama tundu la kifungo, lisije likachanika wala kukata. Suruali ishikiliwe na mikanda ya mabegani badala ya mkanda wa kiunoni unaokandamiza tumbo. Mwenye kuvaa kanzu tayari anayo nguo inayoning'inia toka mabegani, nayo inahitaji tu mifuko ya ndani na mpasuo wa ubavuni.

Mifuko na mikanda iliyotoka hospitalini pamoja na kifaa isikatwe wala kushonewa kitu. Hiyo ni sehemu ya kifaa tiba. Fundi abadilishe nguo, na kifaa akiache kama kilivyo.

Kila nguo ya mwenye kifaa iwe na mfuko mmoja mdogo wa ndani kwa ajili ya kadi ya kifaa chake. Mtu akianguka njiani, kadi hiyo humweleza mhudumu wa afya kuna nini kifuani. Kwa mwenye pampu umuhimu wake ni mkubwa zaidi, kwa kuwa damu yake husukumwa mfululizo, na anayemshika mkono huenda asisikie mapigo ingawa mtu yu hai.

Kabla ya kulipa salio, jaribu nguo ukiwa na kifaa. Kaa, inama, tembea, fungua mfuko, geuka kama unayelala. Nguo inayokaa vizuri mbele ya kioo yaweza kuvuta waya unapoketi.

Kazi na desturi za nyumbani

Mashauri mengi ya hospitalini huandikwa kwa ajili ya mtu wa ofisini. Hapa watu hulima, hubeba na hulea, na nguo zao ni vyombo vya kazi.

Mbeleko ni mfano mzuri. Mama anapombeba mtoto mgongoni, kanga hupita juu ya bega na kukaza kifuani, mahali pale pale kilipo kidhibiti mapigo. Katika wiki za mwanzo kazi hiyo apewe shangazi, bibi au dada. Baadaye, kwa ruhusa ya daktari, kanga ipitishwe bega la pili na fundo liwe mbali na kifaa. Ndivyo ilivyo kwa kanga inayofungwa kifuani: fundo lihamie upande usio na kovu. Mwenye pampu asifunge kanga kwa kukaza kiunoni hata kidogo.

Tunajua pia shida ya maji iliyoambatana na uwanda huu kwa miaka mingi. Ndoo ya kichwani hulazimisha mikono yote miwili kuinuka, na hakuna nguo inayoweza kuondoa hatari hiyo kwa mtu aliyetoka kuwekewa kifaa. Jamaa wamsaidie.

Msimu wa korosho una tahadhari zake. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na vumbi la salfa huwasha macho, kifua na kidonda. Mwenye kifaa awe na nguo za shamba zilizotengwa, zenye mikono mirefu na kola inayofunika mtulinga, zifuliwe peke yake na zisilaliwe. Mashine ya kupulizia salfa inayobebwa mgongoni asiivae kabla ya kumwuliza daktari. Mikanda yake hukandamiza mtulinga, na injini inayonguruma haipaswi kukaa karibu na kidhibiti mapigo. Gunia la korosho lisibebwe begani upande wa kifaa.

Nguo za mtumba

Wengi wetu huvaa mtumba, na shati zuri la pamba huweza kupatikana humo kwa bei nafuu kuliko dukani. Hatuwakatazi. Lakini nguo za ndani zilizotumika, zikiwamo chupi, sidiria na soksi, haziruhusiwi kuingizwa wala kuuzwa nchini. Hayo ni masharti ya kiwango cha taifa TZS 758:2003, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Kwa mtu mwenye jeraha kifuani au tundu la waya tumboni, katazo hilo linamlinda kuliko linavyomlinda mtu mwingine yeyote. Sidiria na fulana ya ndani anunue mpya, hata kama atakuwa na mbili tu za kubadilisha.

Nguo nyingine za mtumba zifuliwe kwa maji ya moto, zikaushwe juani juu ya kamba na kupigwa pasi mpaka kwenye mishono. Wapo nzi wanaotaga mayai juu ya nguo mbichi zilizoanikwa chini au kivulini, na funza wao huingia ngozini. Pasi ya moto huyaua mayai hayo.

Ahadi za wauzaji

Sasa tufike kwenye kazi yetu hasa. Huuzwa fulana zinazodaiwa kuimarisha moyo, mikanda inayodaiwa kusafisha damu, na bangili za sumaku zinazodaiwa kushusha presha. Bidhaa za namna hii hufuata hofu ya mgonjwa, na bei yake hupanda kadiri hofu inavyopanda.

Bangili ya sumaku tunaitaja kwa jina, kwa sababu inayoitwa tiba hapa yaweza kuwa madhara. Mtu mwenye kidhibiti mapigo anayelala mkono ukiwa kifuani anaileta sumaku juu ya kifaa chake. Ushauri wa kawaida ni kwamba sumaku, na hata simu ya mkononi, visikae karibu na kifaa kwa umbali chini ya sentimeta 15. Basi hata simu isiwekwe katika mfuko wa shati upande wa kifaa.

Muuzaji akikwambia nguo yake inatibu, hiyo si sifa ya nguo tena. Ni dai la kitabibu. Vifaa tiba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopewa jina na majukumu yake ya sasa mwaka 2019. Mwulize muuzaji kama bidhaa yake imesajiliwa huko na aonyeshe uthibitisho. Muuzaji mkweli atakujibu bila hasira. Kwa dai lolote la uongo juu ya ubora, asili au manufaa ya bidhaa, Sheria ya Ushindani inakataza mwenendo wa kupotosha, na malalamiko hayo ni kazi ya Tume yetu.

Ili malalamiko yasikilizwe, mlaji awe na ushahidi. Dai risiti kila ununuapo. Tunza lebo na kifungashio. Kwa fundi, andikeni vipimo, bei, malipo ya awali na siku ya kuchukua nguo, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Nguo ikiwa na kasoro, anza kwa kuzungumza na aliyekuuzia, maana mengi humalizika hapo. Yasipomalizika, lete maelezo yako kwetu pamoja na risiti.

Nguo inapotoa taarifa

Kabla ya kumaliza, tuseme jambo moja linalohusu afya moja kwa moja. Mgonjwa wa moyo akiona ndani ya siku chache kwamba sketi haifungi, soksi zinaacha mfereji mguuni, au viatu vya jana havimwingii leo, asiharakishe kwenda kwa fundi kuongeza upana. Huenda mwili unajaa maji kwa sababu moyo umelemewa. Ajipime uzito asubuhi akiwa na nguo zile zile kila siku, na mabadiliko hayo ayapeleke kituo cha afya upesi, iwe ni Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, ile ya Ndanda, au ya Wilaya pale Newala. Vivyo hivyo akiona doa jipya kwenye fulana, wekundu, joto au maumivu penye kovu au waya. Nguo pana ingeificha dalili hiyo bila kuiponya.

Tunawasihi mafundi wasimwonee haya mteja wa namna hii wala yeye asiwaonee haya mafundi. Mjomba akirudi kutoka hospitalini, apewe shati linalofunguka mbele kabla ya kupewa pole ya pili. Anayevaa vizuri hutoka nje, huenda sokoni, msikitini au kanisani, na huishi kama mtu miongoni mwa watu. Hilo halihitaji bidhaa ya ajabu. Linahitaji pamba safi, fundi mwelewa, na mnunuzi anayejua kuuliza.